Mstari wa Mzee Rupert

Aurelia Mapunda hakupenda kukadiria. Ukimuuliza saa, hakukujibu kwamba ni karibu saa nne. Aliitazama saa yake ya mkononi akakwambia ni saa tatu na dakika hamsini na mbili. Nilifanya naye kazi miaka sita katika kiwanda kidogo cha maziwa cha mjomba wangu Nassoro hapa Songea. Haya ninayoyasimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu na mengine aliniambia mwenyewe, baada ya kuamua kuyasema.

Mjomba Nassoro alikuwa mnunuzi wa korosho Tunduru. Biashara zilipofunguliwa na kila mwenye mtaji akaruhusiwa kujaribu, wenzake walikimbilia mawe ya vito. Yeye akaja Songea. Alisema mji huu una watu wanaofuga ng'ombe wa kisasa Mjimwema, halafu hotelini unaletewa chai ya maziwa ya unga. Mwaka 1996 alikodi ghala Bombambili, akafunga tanki la kuchemshia maziwa, tanki la kupozea, mtambo wa kujazia pakiti na chumba cha baridi. Mimi, Mwamvua, mtoto wa dada yake, aliniita kutoka Tunduru nije nisimamie upakiaji.

Mitambo ile aliinunua Dar es Salaam, kwenye mnada wa kiwanda cha umma kilichokuwa kimefungwa. Ndani ya mzigo kulikuwa na sanduku zito la kijivu lenye vitobo na waya, ambalo hakujua kazi yake. Aliambiwa tu linakwenda pamoja na vitu vingine. Lilikaa stoo miezi minne juu ya magunia, mpaka siku Aurelia alipokuja kuomba kazi.

Alikuwa Mmatengo wa Mbinga, mjane wa miaka thelathini na sita, mwenye watoto wawili. Alikuwa fundi wa maabara ya serikali hadi mwaka uliotangulia, wakati wa kupunguza wafanyakazi, jina lake lilipobandikwa ukutani pamoja na ya wenzake kumi na mmoja. Mjomba alimtembeza kiwandani, na walipofika stoo Aurelia alisimama mbele ya lile sanduku. Akaliondolea vumbi kwa kanga yake, akasoma kibao cha chuma kilichogongelewa ubavuni, kisha akauliza kama kitabu chake kipo. Kilikuwepo, kimeliwa na panya pembeni.

"Mzee, hii inapima bakteria kwa umeme," alisema. "Niliwahi kusoma habari zake. Sikujua nitaiona."

Mjomba akamwajiri siku hiyohiyo.

Mashine ile ilikuwa na mirija ishirini na minne ya kioo, na chini ya kila mrija vijiti viwili vya chuma visivyogusana. Unatia maziwa, unaziba, unaupachika mrija kwenye tundu lake, na sanduku linayaweka maziwa kwenye joto lilelile, nyuzi thelathini, usiku na mchana. Umeme kidogo sana hupita kutoka kijiti kimoja hadi kingine kupitia maziwa, na kila dakika sita mashine hupima unapita kwa urahisi kiasi gani, ikachora nukta kwenye karatasi. Nukta zikiungana zinakuwa mstari.

"Mimi siwatafuti bakteria wenyewe," Aurelia alinieleza siku za mwanzo. "Bakteria wanakula sukari iliyomo kwenye maziwa, wanaacha tindikali. Tindikali ikiongezeka, umeme unapita vizuri zaidi. Mwanzoni ni wachache, mstari unalala. Wakizaliana wakawa mamilioni, mstari unainuka. Sasa, maziwa yakiwa na wengi tangu mwanzo, yatainuka mapema. Yakiwa na wachache, yatachelewa. Kwa hiyo nikiangalia saa mstari ulipoinuka, najua walikuwa wangapi nilipoyatia."

Hakuliamini jambo hilo kwa sababu tu limeandikwa kitabuni. Kwa miezi mitatu alipima kila maziwa mara mbili, kwa mashine na kwa njia ya zamani ya kuotesha bakteria kwenye sahani na kuwahesabu baada ya siku mbili. Alichora grafu yake kwa penseli, akaibandika ukutani. Baada ya hapo hakuhitaji tena kusubiri siku mbili. Maziwa tuliyopaki leo yalilala kwenye chumba cha baridi, sampuli zake zikalala kwenye mashine, na asubuhi Aurelia akasaini au akakataa. Pakiti ambazo mstari wake uliinuka kabla ya saa kumi na mbili kupita tangu sampuli ziwekwe, zilimwagwa. Mwaka mzima wa kwanza tulimwaga mara tatu, na mara zote tatu zile sahani zilionyesha alikuwa sahihi.

Tatizo lilikuwa umeme wa mji. Wakati ule ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, ukikatika na kurudi. Ukikatika, mashine inasimama na mirija inapoa. Ukirudi, nukta za kwanza zinashuka, kisha joto linapanda na mstari unarudi pale ulipokuwa, kisha unalala tena. Kwenye karatasi huonekana kama shimo barabarani. Aurelia aliyajua mashimo hayo. Alinionyesha hata mimi, na mimi niliishia darasa la saba.

Aliyeipenda mashine hiyo kuliko sisi sote alikuwa Mzee Rupert Ngonyani wa Mjimwema. Alikuwa na ng'ombe wanne, na kila asubuhi alileta maziwa kwa baiskeli, keni mbili zimefungwa nyuma kwa mipira. Mkewe, Mama Epifania, ndiye aliyekamua na kuosha keni. Wafugaji wengine sita wakishapimiwa waliondoka zao. Rupert alivua kofia akagonga mlango wa maabara.

"Mwanangu, jana nililala hadi saa ngapi?"

"Shikamoo, baba. Ulilala hadi saa ya kumi na moja. Hakuna aliyekufikia."

Alikuwa anauliza habari za mstari wake, na saa zilihesabiwa tangu mirija ilipowekwa. Maziwa mabichi yote huinuka mwishowe, lakini ya Rupert yaliinuka ya mwisho karibu kila siku. Alitaka aonyeshwe karatasi, akaufuata mstari kwa kidole bila kuigusa karatasi yenyewe, kisha akaenda kumpa mkewe habari.

Oktoba 1997 tulipata mteja mkubwa wa kwanza. Shule moja ya bweni ya wasichana iliagiza pakiti mia tatu kwa ajili ya mahafali ya kidato cha nne, na mkuu wa shule alisema mambo yakienda vizuri wataendelea kuchukua kila wiki. Tulipaki Ijumaa. Jumamosi asubuhi, saa moja kasoro dakika tano, Aurelia alifungua maabara akatazama karatasi.

Usiku umeme ulikuwa umekatika kwa dakika arobaini. Kila mstari ulikuwa na shimo lake. Mistari saba ya maziwa mabichi ya wafugaji ilishuka, ikarudi, ikalala. Wa Rupert ulilala kuliko yote. Lakini mistari mitatu ya pakiti ilishuka, ikarudi, na haikulala. Iliendelea kupanda. Ukihesabu tangu mirija ilipowekwa, ilianza kupanda saa ya nne. Maziwa yaliyochemshwa yalikuwa yameinuka kabla ya mabichi.

Alijua maana yake. Kama maziwa yalitoka salama kwenye tanki la kuchemshia, basi kuna kitu kiliyaingia baadaye, ndani ya kiwanda chetu wenyewe. Alisimama pale na kalamu mkononi. Nje gari lilikuwa limeshapakiwa na dereva ameliwasha. Mjomba alikuja mlangoni amevaa kanzu iliyopigwa pasi, kwa kuwa alikuwa amealikwa kwenye mahafali.

"Mashine inasemaje, Bi Aurelia?"

"Umeme uliyumba usiku, mzee. Mistari yote imevurugika."

"Kwa hiyo tufanyeje?"

"Yako salama. Yaende."

"Alhamdulillahi," mjomba alisema, akaenda kupanda gari.

Miaka miwili baadaye nilimuuliza Aurelia ilikuwaje. Hakusingizia uchovu wala haraka. "Mwaka mzima nilimwambia mjomba wako mashine hii itamlinda," alisema. "Nikaona haya kumwambia amwage siku anayoisubiri kuliko zote. Nikajiambia ni umeme. Mkono ulikuwa unasaini huku macho yanaona, Mwamvua. Hakuna aliyenisukuma."

Jumamosi jioni wasichana walianza kutapika na kuharisha. Hadi Jumapili mchana walikuwa sitini na mmoja, na thelathini na wanane wakalazwa. Hakufa mtu. Aliyeumwa zaidi aliitwa Violeth, wa kidato cha nne, ambaye alikaa siku tisa akitundikiwa dripu. Alitoka amekonda na dhaifu, na siku ile mtihani wa taifa ulipoanza hakuweza kukaa kwenye kiti, karatasi za mwanzo zikampita.

Aurelia alikwenda wodini mara moja, na chupa ya uji. Nesi alidhani ni ndugu wa mgonjwa, akamwelekeza kitanda cha Violeth kwa kuwa ndiye aliyekuwa hana mtu. Akamnywesha uji kijiko kwa kijiko. Mtoto alipomaliza alisema, "Asante, mama, Mungu akubariki." Aurelia aliiacha chupa palepale akatoka. Hakurudi kuichukua.

Jumatatu alikuja bwana afya. Tulisimama uwanjani pa kupakulia, wafanyakazi wote, naye akauliza kama kuna kitu chochote kilikuwa tofauti siku ya Ijumaa. Mimi nikasema, "Mzee Rupert alichelewa. Baiskeli ilipata pancha, akafika jua limeshakuwa kali." Nilisema kweli. Lakini nilisema kwa sababu nilikuwa msimamizi wa upakiaji na nilitaka macho ya yule bwana yahame kutoka kwangu, na hilo nalijua tangu siku ile.

Bwana afya akamgeukia Aurelia. "Wewe ndiye mtaalamu. Maziwa yakiwa yameharibika sana tangu mwanzo, kuchemsha hakutoshi. Yaweza kuwa ni ya mzee huyo?"

Aurelia aliitazama saa yake, kama mtu aliyeulizwa saa. Kisha akasema, "Yaweza kuwa."

"Karatasi za mashine ziko wapi?"

"Umeme uliziharibu."

Zilikuwa nyumbani kwake, zimekunjwa ndani ya bahasha, chini ya nguo za marehemu mumewe.

Kesho yake mjomba alimwambia Rupert kwamba hatapokea tena maziwa yake. Rupert hakubisha. Alikuja maabara, akavua kofia, akagonga.

"Mwanangu, Ijumaa mashine ilinipima?"

"Ilikupima, baba."

"Mstari wangu uliinuka saa ngapi?"

"Umeme ulikatika. Haukusomeka."

"Haukusomeka kabisa?"

"Kabisa, baba."

Rupert aliitazama mashine kwa muda. "Basi pole sana," alisema. "Nimekuharibia kazi yako. Ile pancha niliipata pale mlimani, nikakaa juani karibu saa nzima natafuta gundi. Ningejua ningeyamwaga mwenyewe." Alimpa mkono, Aurelia akaupokea. Aliniambia kwamba katika mambo yote yaliyotokea, mkono ule ndio uliokuwa ukimjia akiwa anakula, akiwa kanisani, akiwa anawafulia watoto.

Jumapili iliyofuata Rupert na Epifania walivaa nguo zao za kanisani wakaenda kwa miguu hadi shuleni. Waliomba kuonana na mkuu wa shule, wakaruhusiwa kusimama mbele ya wasichana mstarini. Rupert akasema, "Mimi ndiye mwenye ng'ombe. Nimekuja kuwaomba msamaha." Habari hiyo mimi niliipata sokoni, nikampelekea Aurelia kama habari tu. Alikuwa anaosha mirija. Aliweka mrija chini, akashika ukingo wa meza, akaniambia nimwache.

Wiki hiyo alifanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa kabla. Alichukua maji ya suuza kutoka kila mahali maziwa yanapopita baada ya kuchemshwa, akayachanganya na maziwa safi kwenye mirija, akasubiri. Mirija yote ililala, isipokuwa mmoja ulioinuka kabla ya saa mbili kutimia tangu uwekwe. Maji yake yalitoka kwenye koki ya tanki la kupozea. Alipoifungua koki akakuta mpira wa ndani umepasuka, na katika ule mpasuko kulikuwa na utando wa maziwa yaliyooza, mnene kama ukucha. Uchafu wote ulikuwa umekaa pale. Alimwambia mjomba kwamba mpira umechakaa, ukabadilishwa, basi. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili.

Na hapo ndipo kosa lilipozidi kuota mizizi. Kwa kuwa mpira ulibadilishwa, pakiti zetu hazikumdhuru mtu tena, na kwa kuwa hazikumdhuru mtu, kila mmoja alisema mnaona, tangu tulipomwacha Rupert hakuna tatizo. Wafugaji wenzake waliogopa hata kuchota maji karibu na banda lake. Wateja wa mtaani waliokuwa wakinunua maziwa kwa Epifania waliacha. Kufikia mwisho wa mwaka 1998 walikuwa wameuza ng'ombe watatu, na yule wa nne, aliyekuwa mzee, walimchinja. Rupert akawa anafyatua matofali. Nilisikia hanywi tena maziwa, na hambebi mjukuu mpaka anawe kwa jivu hadi viwikoni.

Kiwandani jina lake likawa neno. Sijui nani alianza. Keni ikija inanuka, mpokeaji alisema, "Hii ni rupert, irudishe." Nguo ya kazi ikiwa chafu ilikuwa rupert. Mimi pia nililitumia. Aurelia hakulitumia hata mara moja, na akilisikia alikuwa anaingia maabara na kufunga mlango. Tulidhani anaringa.

Mwaka 1999 tulipata mfanyakazi mpya, msichana aitwaye Recho, aliyetoka Njombe. Wiki yake ya pili alikuwa anaosha pipa karibu na mlango wa maabara, akaniuliza kwa nia njema kabisa, "Dada Mwamvua, rupert ni Kiingereza? Maana yake ni uchafu wa aina gani?"

Mlango wa maabara ulikuwa wazi. Aurelia alitoka amevaa koti lake jeupe. Alimtazama Recho, akanitazama mimi.

"Rupert ni mtu," alisema. "Anaishi Mjimwema."

Akavua koti, akalitundika, akaenda nyumbani kwake katikati ya saa za kazi. Alirudi baada ya dakika hamsini na bahasha mkononi, akaniomba nimsindikize ofisini kwa mjomba. Alisema anaogopa akienda peke yake atabadilisha maneno njiani.

Aliitandaza karatasi juu ya meza ya mjomba na kumwonyesha mstari mmoja baada ya mwingine. Hizi ni pakiti. Haya ni maziwa ya wafugaji. Hili ni shimo la umeme. Huyu hapa ni Rupert. Alizungumza taratibu kama mwalimu, mpaka akafika kwenye ile asubuhi ya Jumamosi, akasema aliyaona haya yote kabla ya kusaini.

Mjomba alivua miwani.

"Mimi nilikuuliza," alisema. "Nilisimama pale mlangoni nikakuuliza."

"Ndiyo, mzee."

"Ungeniambia, ningeyamwaga. Ningekwenda mahafali nikawaambia mtambo umeharibika. Ulinifikiria mimi ni mtu wa namna gani?"

Nadhani Aurelia alikuwa amejiandaa kwa kila jambo isipokuwa hilo. Alilia, bila sauti, akiwa amesimama wima.

"Sikufukuzi," mjomba aliendelea. "Nikikufukuza utaona umeshalipa. Lakini kuanzia leo sahihi yako peke yake siitaki. Mwamvua ataisoma karatasi pamoja na wewe. Na kesho wafugaji watakuja hapa, utawaambia wewe, kwa mdomo wako."

Aliwaambia. Wafugaji kumi na wanne, wengine walikuwa hawamjui Rupert ila kwa lile neno. Mmoja akauliza, "Basi sisi tuliomtenga tufanyeje?" Aurelia alisema hajui, kwamba yeye mwenyewe ndiyo kwanza anaanza.

Mchana huo tulikwenda Mjimwema. Tulimkuta Rupert kwenye tanuri la matofali, matope magotini, na Epifania anaanua nguo. Aurelia alimpa shikamoo, akaitikia vizuri, akataka kutuletea vigoda. Aurelia akamwomba asilete kwanza. Akasema yote palepale amesimama, bila kujipunguzia. Kwamba karatasi ilisomeka. Kwamba aliificha. Kwamba uchafu ulikuwa kwenye koki ya kiwanda. Kwamba aliposema yaweza kuwa, alikuwa anajua haiwezi kuwa.

Rupert aliomba kuiona karatasi. Alipangusa mikono kwenye suruali, akaona bado ina matope, akaenda kunawa. Alirudi akaishika kwa ncha za vidole. Aurelia akamwonyesha ni upi.

"Huu?"

"Huo, baba. Uliinuka saa ya kumi na moja na dakika kumi na nane. Siku ile pia ulikuwa wa mwisho."

"Pamoja na pancha?"

"Pamoja na pancha."

Mzee alikaa kwenye rundo la matofali mabichi. Aliutazama mstari kana kwamba utasogea. Hakukasirika, na ingekuwa rahisi zaidi kwa Aurelia kama angekasirika. Alisema tu, "Mimi niliungama dhambi hii kwa padre. Mara mbili."

Epifania ndiye aliyekuja. Alikuwa bado ameshika nguo mikononi.

"Wewe una watoto?" alimuuliza Aurelia.

"Ninao, mama. Wawili."

"Mume wangu huyu, miaka miwili hakumshika mjukuu wake bila jivu. Mimi nilisugua keni mpaka zikatoboka. Nikawa namwambia labda ni mimi, labda sikusuuza vizuri siku ile. Tukawa tunagombania nani mwenye kosa, ndani ya nyumba yetu. Na wewe ulikuwa nayo hiyo karatasi."

"Ndiyo, mama."

"Nenda," Epifania alisema. "Sitakutukana. Lakini nenda."

Tulipogeuka, Rupert alituita. Alitaka jambo moja: Aurelia aende naye shuleni, pale alipoomba msamaha, akawaambie.

Walikwenda Ijumaa, na mimi pia. Mkuu wa shule aliyekuwepo wakati ule alikuwa amehamishwa. Aliyetupokea alikuwa mgeni, mama mpole, akatukaribisha vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hakuwahi kusikia habari hiyo. Wasichana wa mwaka ule walikuwa wameshamaliza wote au wameondoka. Violeth, katibu alikumbuka kwamba alirudia mtihani mahali fulani Iringa, hakujua zaidi. Mkuu wa shule akauliza kama tungependa awakusanye wanafunzi waliopo. Aurelia alimtazama Rupert.

"Hapana," Rupert alisema. "Hawa hawanijui."

Tukatoka. Aurelia alitembea hatua chache nyuma yetu, na nilipogeuka nilimwona anasogeza midomo, sijui kama alikuwa anasali au anahesabu.

Mjomba alimpelekea Rupert mtamba mmoja wa kisasa na keni mbili mpya. Rupert alimpokea mtamba. Mtamba alipoanza kukamuliwa, maziwa yaliletwa na shemeji yake, si yeye, na hakuja tena kuuliza amelala hadi saa ngapi. Aurelia alinifundisha kusoma karatasi, nikasaini chini ya sahihi yake kila asubuhi. Mara nyingine mstari ulikuwa mzuri kabisa na bado alikataa kusaini mpaka nimwambie mimi kwanza ninachoona. Aliandika barua tatu Iringa kumtafuta Violeth. Hazikujibiwa. Mwaka 2002 mashine ilikufa, haikupatikana fundi wala vipuri, na mwaka uliofuata mjomba alifunga kiwanda akarudi Tunduru, maana maziwa ya boksi yalikuwa yameshajaa madukani. Mimi nilikuwa nimeolewa hapahapa, nikabaki. Aurelia alipata kazi ya kupima maji ya visima.

Rupert alifariki Machi 2004, kwa malaria. Aurelia alikuja msibani asubuhi na mapema, akakaa nje ya uzio pamoja na watu wa mbali, hakuthubutu kuingia walipokuwa akina mama wakipika. Tulikuwa wengi na kazi ilikuwa nyingi. Karibu saa tano Epifania alitoka ndani, ameshikwa na binti zake. Akamwona. Alisimama kidogo, kisha akamgeukia mwanamke aliyekuwa karibu naye.

"Mwambie yule aje asonge ugali," alisema. "Hawa wamechoka."

Aurelia alivua saa yake akaitia mfukoni, akafunga kanga kiunoni, akashika mwiko. Alisonga ugali wa masufuria matatu mfululizo, jasho linamtiririka, mpaka watu wa makaburini waliporudi na kula wakashiba. Epifania hakusema naye neno jingine siku ile.